MAMBO YA SHAMBA NA MWITU: Kasuku Mdogo wa Matiliku na Nyumba Yake



Juma hili nimepokea barua ndefu kutoka Matiliku, katika Kaunti ya Makueni. Mwenye barua ni karani ambaye siku za kazi hukaa mjini, na mwisho wa juma hurudi nyumbani kulima. Ameandika kwa adabu na kwa mwandiko safi, nami nimeona ya kuwa maswali yake yawafaa wengi; kwa hiyo nitayajibu hapa mbele ya wote.

Asema hivi. Shambani kwao, ukingoni mwa mto wa mchanga, pana mgunga wa zamani sana ambao nusu yake imekwisha kufa. Katika shina lake pana tundu, na ndani ya tundu hilo wamekaa ndege wawili wa jamii ya kasuku. Mmoja ana tumbo la rangi ya chungwa, na wa pili tumbo lake ni la rangi ya majani mabichi. Maswali yake ni manne. Kwanza, ndege hawa ni nani, na je, ni aina moja au ni aina mbili zinazokaa pamoja? Pili, je, hao ndio wanaomlia mahindi? Tatu, mwanawe mwenye miaka 12 ameambiwa na mpita njia mmoja ya kuwa akimletea makinda atapewa fedha, je, amruhusu? Na nne, kaka yake mkubwa ataka mgunga huo uangushwe na kuchomwa makaa, ili ipatikane karo ya muhula ujao. Je, afanye nini?

Nitayafuata maswali haya kwa taratibu yake. Lakini nawaomba wasomaji mwendelee nami mpaka la nne, maana hilo la mwisho ndilo lililobeba mengine yote.

NDEGE HUYU NI NANI

Wengi wetu tukisikia neno kasuku, mara twamfikiri yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ajuaye kusema maneno kama mtu. Huyo kwao ni misitu mikubwa ya Kongo na ya Uganda, na hapa Kenya wamebaki wachache tu katika msitu wa Kakamega. Ndege wa Matiliku ni ndugu yake wa mbali, naye ni mdogo zaidi. Toka mdomo mpaka mkia hapati hata urefu wa rula ya shule. Ni kiasi cha sentimeta 22 hadi 25. Wataalamu humwita kwa Kilatini Poicephalus rufiventris. Jina hilo la pili lasema juu ya tumbo lake jekundu-jekundu, nalo alipewa na Eduard Rüppell, Mjerumani aliyesafiri katika nchi ya Ethiopia katika miaka ya 1830. Sisi twaweza kumwita kasuku wa tumbo la chungwa, na kila mtu aliyemwona atatuelewa.

Kwao ni nchi kavu za miiba: Ethiopia, Somalia, mashariki na kaskazini ya Kenya, mpaka kaskazini-mashariki ya Tanzania. Katika mbuga za Tsavo yuko, na hata huku Ukambani, mahali popote ambapo migunga na mibuyu haijafyekwa yote. Yeye si mgeni wala mhamiaji. Nchi hii ya jua kali, ambayo watu wa milimani huionea huruma, ndiyo nchi yake hasa.

Sasa, juu ya rangi. Ndugu yangu karani, macho yako hayakukudanganya. Hao ni aina moja, nao ni mume na mke. Dume ana mgongo wa kijivu kinachoelekea hudhurungi, na kifua na tumbo vya rangi ya chungwa lililoiva. Chini zaidi, penye mapaja, ni rangi ya majani. Jike ana mgongo kama huohuo, lakini chungwa hana. Tumbo lake ni la majani mabichi. Wote wawili wana macho mekundu na mdomo mweusi. Jambo hili la mume kutofautiana na mke kwa rangi si la kawaida katika ukoo wao. Kasuku wengine wengi wa ukoo huo mume na mke hufanana kama mapacha, hata mfugaji asiweze kujua yupi ni yupi. Kwa hiyo wewe una bahati; waweza kuketi chini ya mwembe wako na kujua mara moja ni nani aliyetoka tunduni na ni nani aliyebaki.

Wasomaji wa magharibi ya Kenya wasimchanganye na kasuku wa hudhurungi, ambaye ni wa ukoo huohuo. Yule ana alama ya manjano begani, na huyu hana. Wala wasomaji wa Naivasha wasiandike kuniambia ya kuwa kasuku wao ni wadogo zaidi na wana kichwa chekundu. Naam, wapo; lakini hao asili yao ni Tanzania. Waliletwa na watu, wakatoroka vizimbani au wakaachiliwa, wakazaana wakachanganyika. Nitarudi kwa habari za ndugu zao baadaye, kwa sababu zina funzo.

MWENENDO WAKE

Kasuku huyu utamsikia kabla hujamwona. Sauti yake ni kali, ya kukwaruza, naye huipiga zaidi anaporuka. Huruka kwa nguvu na kwa mwendo wa haraka, bila kupinda-pinda, mara nyingi wawili wawili, au watatu na wanne wakiwa na watoto wao. Akishuka mtini hunyamaza, na hapo ndipo watu wengi humpoteza, maana akimwona mtu hujisogeza taratibu mpaka upande wa pili wa tawi, akawa hapo hapo huku hukumwoni.

Mtazame anapokula, kama una subira. Vidole vyake ni viwili mbele na viwili nyuma, kwa hiyo aweza kushika tunda kwa mguu mmoja na kulipeleka mdomoni kama mtoto alaye hindi la kuchoma. Mdomo wake wa juu haukukazwa kwenye fuvu kama wa kuku. Una kiungo, nao hufunguka na kufunga kama koleo. Tena huutumia kama mguu wa tatu: hushika tawi kwa mdomo, kisha hujivuta juu.

Chakula chake ni mbegu za migunga na za miti mingine ya porini, matunda, na hasa tini za mwitu. Hapa sitaki kumpamba kwa sifa isiyo yake. Watu wengine husema kila ndege alaye matunda ni mpanzi wa miti. Kasuku si mpanzi mwema. Ndege wengi humeza tunda zima na kuzitupa mbegu mbali zikiwa hai. Kasuku yeye huivunja mbegu na kula kiini chake, na mbegu iliyovunjwa haioti. Walakini ni mlaji mwenye kuharibu. Matunda mengi huyaangusha chini yakiwa yameng'atwa nusu, na wanyama wa chini huyaokota. Basi yeye ni kiumbe kama viumbe wengine, ana faida yake na ana hasara yake, wala si lazima tumsingizie wema ndipo tumwache aishi.

JUU YA MAHINDI

Hili ni swali la pili, nami nalijibu bila kuficha. Ndiyo, kasuku huyu hula mahindi. Hupenda yale machanga yenye maziwa, hupasua ganda kwa mdomo na kula punje za juu. Mkulima aliyeamka alfajiri akakuta mahindi yamefanywa hivyo, ana haki ya kukasirika, hasa katika nchi ambayo mvua ikikosa mara moja ghala hubaki tupu.

Lakini hasira si hesabu. Nawaomba wakulima wapime mambo mawili. La kwanza ni idadi. Kwelea, adui mkubwa wa wakulima wa mtama na wimbi, huja kwa maelfu na maelfu, na ndege mmoja tu aweza kula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kundi lao likishuka asubuhi, jioni shamba ni mabua matupu. Kasuku wa tumbo la chungwa huja wawili, watatu, wanne. Aweza kuharibu mahindi kadhaa, lakini si desturi yake kuja kama jeshi.

La pili ni kumjua mwizi mwenyewe. Shamba lililo karibu na pori huingiliwa na nyani, na kindi, na kanga, na wakati mwingine na mikono ya watu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe ni karani, lete daftari. Mahindi yakianza kuwa machanga, pita kila asubuhi katika mistari kumi ileile, hesabu yaliyoliwa, andika, na uandike jinsi yalivyoliwa. Nyani huvunja bua zima na kuangusha; kasuku huacha hindi likining'inia mahali pake, ncha yake imepasuliwa na punje zimetolewa. Baada ya majuma mawili utajua kama hasara yako ni ya debe au ni ya konzi mbili.

Ikiwa hasara ni kubwa, dawa yake ni ya zamani nayo ni rahisi: mtoto mmoja wa kulinda alfajiri na jioni, makopo yaliyofungwa kambani yagongane kwa upepo, na kuvuna mapema yale ya kula mabichi yaliyo karibu na miti mikubwa. Mbaazi zako na pojo zako hazihitaji ulinzi kama huo. Na sumu usiweke kamwe. Sumu haichagui, utamtegea kasuku, nawe utamzika kuku wako, au mbwa wako, au, Mungu apishe mbali, mtoto wa jirani.

JUU YA KINDA NA FEDHA ZA MPITA NJIA

Swali la tatu latutaka kwanza tujue jinsi ndege huyu anavyozaa, maana hapo ndipo penye siri yake.

Kuku wako hutaga mayai 10 au zaidi, huyaatamia siku 21, na kifaranga siku ya kwanza atembea na kudonoa. Kasuku sivyo. Hutaga mayai meupe 2 au 3 kwa kawaida. Jike peke yake ndiye huyalalia, kwa muda wa karibu majuma manne, na siku zote hizo dume huenda kutafuta chakula na kumletea. Makinda huanguliwa wanyonge, macho yamefumba, hawana cha kujifunika. Hukaa gizani katika tundu lao kiasi cha miezi miwili kabla ya kuruka. Na wakisha kuruka bado huwafuata wazazi wao kujifunza mti gani una chakula na mto gani una maji.

Sasa fanya hesabu. Jozi moja ikipata makinda wawili kwa mwaka, na kila mwaka mtoto akapanda na kuwachukua wote wawili, baada ya miaka mitano wamezaliwa kumi, na katika hao kumi hakuna hata mmoja aliyebaki porini. Lakini wazazi wangali wapo! Kasuku huishi miaka mingi. Wa ukoo huu waliofugwa vizuri wamejulikana kupita miaka 20. Kwa hiyo watu wa kijiji huendelea kuwaona wale wawili wakipita asubuhi, nao husema, "Kasuku si wapo tele?" Hawajui ya kuwa wanatazama wazee wasio na warithi. Siku wazee hao watakapokufa, ndege watakuwa wamekwisha ghafula, na kila mtu atauliza wamekwenda wapi.

Na hapa yafaa nikiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa huyo mwanao, mimi na mwenzangu tulimwona jike wa kasuku akiingia katika tundu la mti. Mikono yetu haikuweza kupita, basi tukachukua shoka la nyumbani bila ruhusa, tukapanua tundu mpaka likawa kama mlango. Tulitoa makinda wawili. Mmoja alianguka njiani akafa. Wa pili nilimtia katika kasha la kadibodi karibu na meko, nikamlisha uji kwa kijiti. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amelala ubavu, uji umekauka mdomoni mwake. Mama yangu hakunipiga. Aliniambia tu nikamzike mwenyewe, na nirudishe shoka mahali pake.

Lakini lililonifundisha zaidi lilikuja baadaye. Mvua za mwaka ule zilinyesha moja kwa moja ndani ya mlango tuliouchonga, na mti ukaoza. Mwaka uliofuata kasuku hawakurudi, wala mwaka wa pili. Mimi nilidhani nimechukua makinda wawili. Kumbe nilichukua na wote ambao wangezaliwa pale baada yao. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo ningali ninaye.

Basi mwambie mwanao akatae. Na umwambie sababu, usimtishe tu kwa kiboko. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kumkamata au kumweka mnyama wa porini, naye ndege yumo, bila kibali cha Shirika la Wanyamapori. Tena tangu mwaka 1981 karibu kasuku wote wa duniani wamewekwa chini ya mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, na yule wa kijivu aliongezewa ulinzi mkali zaidi mwaka 2017. Mpita njia alijua hayo. Ndiyo maana hakuja kwako uliye mtu mzima, bali alimwendea mtoto. Atakapokamatwa, atasema aliuziwa, na mtoto ndiye atakayetajwa.

Kuna na jambo la afya. Kasuku aweza kuchukua ugonjwa ambao humwingia mtu kwa vumbi la kinyesi na manyoya yake, ukamletea homa na maradhi ya mapafu. Kumweka ndege wa porini ndani ya chumba walalamo watoto si busara.

Wala mtu asiseme, "Makinda wawili tu ni nini?" Nimeahidi kurudi kwa wale kasuku wadogo wa Tanzania. Katika miaka ya 1980 walikamatwa na kupelekwa ng'ambo kwa wingi mno, hata wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Kila mkamataji alikuwa akijaza kizimba chake tu. Mwishowe walipungua sana katika nchi yao wenyewe, na serikali ikawa haina budi kusimamisha biashara hiyo. Mto huanza kwa matone.

JUU YA MTI

Sasa tumefika penye swali la nne, ambalo ni gumu, kwa kuwa ndani yake mna mtoto anayetakiwa kwenda shule.

Wasomaji waelewe jambo moja. Chakula kasuku huyu hakosi kwa urahisi. Mbegu zikikosa huku atakwenda kule. Maji atayatafuta hata katika mabwawa ya mchanga mliyojenga kwa mikono yenu. Lakini nyumba hawezi kuijenga. Hana ujuzi wa kwera wa kusuka majani, wala mdomo wake si wa kutoboa mti mzima kama mdomo wa gogota. Aweza kulipanua kidogo tundu alilolikuta, basi. Hungoja gogota atoboe na kuondoka, au hungoja tawi livunjike, na mahali pake paoze taratibu mpaka pawe mvungu. Kazi hiyo haifanyiki katika mti mchanga. Ni kazi ya miaka mingi, na mti wenyewe hapana budi uwe mzee.

Na hata tundu likipatikana, wanaolitaka ni wengi. Hondohondo alitaka. Bundi mdogo alitaka. Nyuki walitaka, na nyuki wakiingia hakuna wa kuwatoa. Katika nchi iliyojaa miti mizee, kila mmoja hupata pake. Katika nchi ambayo miti mizee imegeuzwa makaa, wote hugombea mlango mmoja. Huko kuelekea Makindu na Kibwezi mibuyu ingalipo, na mbuyu una bahati ya kuwa kuni zake hazifai. Lakini mgunga makaa yake ni mazuri, na hilo ndilo kosa lake.

Mtu akiangusha mgunga mzee na kupanda mche siku hiyohiyo, amefanya vyema kuliko asiyepanda. Hata hivyo kasuku hawezi kuingia katika mche. Kati ya mti aliouangusha na siku ambayo mche wake utakuwa na mvungu, itapita miaka mingi kuliko maisha ya ndege, na pengine kuliko yake mwenyewe.

Je, niseme basi karo isilipwe? La hasha. Mimi pia nimekaa usiku nikihesabu shilingi zisizotosha, nami sitamdharau mtu atafutaye elimu ya mwanawe. Kaka yako si mtu mbaya. Ameutazama mti akaona daftari na sare. Mwendee kwa heshima apaswayo kaka mkubwa, si kwa kumsomea gazeti mbele ya watoto, ukamweleze haya yafuatayo.

Kwanza, mti wenye mvungu ni udanganyifu kwa mchoma makaa. Kwa nje waonekana mnene, na kwa ndani hauna kitu. Na sehemu iliyooza haitoi makaa bali majivu. Apige shina kwa nyuma ya shoka asikilize. Magunia anayoyahesabu akilini hatayapata.

Pili, kama hapana njia nyingine, na wenye mamlaka ya misitu wakiridhia, na akate matawi ya upande ulio hai, kisha aliache shina lisimame pamoja na tundu lake. Mgunga hustahimili kukatwa matawi kuliko kukatwa shina, na kasuku hakodi matawi. Yeye hukodi chumba. Lakini asikate wakati mayai au makinda yamo. Mtazame dume: akiwa anaingia na kutoka siku nzima kwa kupeleka chakula, ngojeni mpaka watoto wameruka.

Tatu, na apande mikau mpakani mwa shamba. Mukau ni mti wa kwetu, wavumilia ukame, hukua haraka, na mbao zake mchwa hawazipendi. Mukau uliopandwa leo, kwa karo ya wadogo watakaokuja, ni akiba iliyo bora kuliko mgunga mmoja ulio mtupu ndani.

Nne, nyinyi ni watu wa nchi ya mizinga. Tangu zamani Wakamba wamechonga magogo na kuyatundika mitini, nyuki wakapata nyumba na watu wakapata asali. Tundikeni mizinga miwili mitatu katika miti mingine ya shamba, nyuki wapate pao wasiutamani mgunga. Tena mwanao, badala ya kupanda kwenda kuwachukua makinda, na achonge gogo moja kuukuu, alifunge nyuma na mbele, aache tundu la duara la kumtosha kasuku kuingia, alitundike juu mbali na nyani. Kasuku wa ukoo huu wanapofugwa hutaga katika masanduku ya mbao. Pengine na wa porini atakubali. Siahidi. Lakini hata asipokubali kasuku, atakubali mwingine, na mtoto atakuwa amejifunza kutoa badala ya kuchukua.

NENO LA MWISHO

Kasuku wa tumbo la chungwa hakuandikwa katika orodha ya ndege walio karibu na kwisha duniani. Bado wako wengi, na mbuga kubwa zingali zawalinda. Mtu aweza kusema basi hapana haja ya barua na majibu marefu hivi. Lakini kasuku wa Tsavo hawatawafaa kitu watoto wa Matiliku wasioweza kwenda Tsavo. Ndege huisha mahali pamoja kwanza, halafu mahali pa pili, na kila mahali wenyeji hudhani kwingineko bado wapo. Picha ya kasuku twaiona hata juu ya majalada ya madaftari ya shule. Itakuwa aibu mtoto amjue kwa jalada, hali mlango wake ulikuwa shambani kwa baba yake.

Mhenga alisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ni kweli, lakini kabla ya kuruka kila ndege hulala mahali, na huyu wetu mahali pake pa kulala pako mikononi mwa mkulima na shoka lake.

Ndugu karani, niandikie baada ya mvua za vuli. Niambie hesabu ya mahindi katika daftari lako, na niambie kama wametoka tunduni wawili au wanne. Na ukiweza, niambie kaka yako alisema nini.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitamjibu msomaji wa Mwala aulizaye kwa nini hondohondo jike hujifungia ndani ya mti kwa udongo, na ni nani anayemlisha humo. Mpaka hapo, kwaherini.